Sura ya 7: Mpigo Mmoja, Maana Moja

Mwezi Machi 1986, katika kituo cha tiba ya saratani mjini Tyler, jimbo la Texas, mwendeshaji wa mashine ya mionzi iitwayo Therac-25 alikuwa akiingiza maelekezo ya tiba kwenye kompyuta. Aliandika herufi ya eksirei pale palipotakiwa elektroni. Akaliona kosa lake, akapandisha kishale juu, akasahihisha, akaendelea. Alikuwa mzoefu wa kazi ile na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Skrini ikaonyesha maelekezo yaliyosahihishwa. Lakini sehemu nyingine ya programu ilikuwa ingali inazipanga sumaku za mashine, shughuli iliyochukua sekunde 8 hivi, na marekebisho yaliyofanywa ndani ya sekunde hizo haikuyaona. Mgonjwa alipigwa na mionzi iliyozidi kipimo chake maradufu kwa maradufu. Kati ya 1985 na 1987 mashine za aina hiyo zilihusika katika ajali 6 zinazojulikana nchini Marekani na Kanada, na baadhi ya wagonjwa walifariki.

Mashine zilizoitangulia Therac-25 zilikuwa na vizuizi vya kimakanika vya kuzuia mionzi isitoke vibaya. Katika Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa na ulinzi wote ukakabidhiwa programu. Na programu ile, kwa mwendeshaji mwenye mkono mzito, haikuonyesha kosa hilo. Tatizo la Tyler lilijitokeza pale tu matukio mawili, kumaliza kusahihisha na kumaliza kupanga sumaku, yalipofuatana kwa mpangilio ambao hakuna aliyeufikiria.

Hapo linazuka swali ambalo sura hii inalishughulikia. Matukio yakija kwa mpangilio huu badala ya ule, programu inamaanisha nini? Sisemi "itafanya nini tukiijaribu", kwa maana majaribio ya mashine ile yalipita. Nauliza kama maandishi ya programu yenyewe, kabla ya kuwekwa kwenye mashine yoyote, yana jibu moja linaloweza kukokotolewa kwa kalamu na karatasi. Kwa lugha nyingi zilizotumika wakati ule, na nyingi zinazotumika leo, jibu halipo. Lakini kusini mwa Ufaransa, katika miaka ileile ya 1980, kulikuwa na watu wachache waliokusudia kutunga lugha ambayo ndani yake jibu lipo daima.

Programu isiyo na mwisho

Mwaka 1985 wanasayansi wawili wa Israeli, David Harel na Amir Pnueli, waliandika makala iliyogawa programu katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni programu zinazopokea kitu, zikakigeuza, zikatoa jibu, zikaisha. Programu ya kukokotoa mishahara ya mwezi ni ya namna hiyo. Kundi la pili ni programu zinazoishi pamoja na mazingira yake na kuyajibu kila yanapozigusa: lifti, breki za gari, kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, usukani wa ndege. Hizi hazina mwisho, na lifti inayofikia mwisho wa programu yake ni lifti iliyoharibika. Tena hazijipangii mwendo: mazingira ndiyo yanayoamua lini kitu kitatokea, na programu inatakiwa iwe tayari.

Nadharia ya maana ya programu iliyokuwapo ilistawi kwa kundi la kwanza. Ukiitazama programu kama fomula inayopeleka ingizo kwenye jibu, umekwisha kusema yote yaliyo muhimu juu yake. Kwa kundi la pili fomula hiyo haitoshi, kwa sababu jibu la sasa linategemea historia nzima ya matukio, na jibu hilo nalo hubadilisha tukio litakalofuata.

Wahandisi hawakungoja nadharia. Waliigawa kazi katika vipande vingi vinavyokwenda sambamba na kuuachia mfumo endeshi uamue kipande kipi kipewe kompyuta na lini. Njia hiyo ina gharama inayohesabika. Chukua vipande viwili tu, kila kimoja kina hatua 10, na hatua hizo zinaweza kuchanganyika kwa namna yoyote ilimradi kila kipande kifuate mpangilio wake. Idadi ya michanganyiko ni 184,756. Mchanganyiko mmoja tu kati ya hiyo ukiwa na madhara, unaweza kuijaribu programu mwezi mzima usikutane nao, kisha ukatokea siku ya pili baada ya kukabidhi kazi. Mbaya zaidi, ukitokea, hutaweza kuurudia ili uuchunguze.

Kanuni kabla ya mashine

Kuipa lugha ya programu semantiki rasmi ni kuandika kanuni za kihisabati zinazosema kila sentensi ya lugha hiyo ina maana gani, bila kutaja kompyuta yoyote. Mchezaji wa bao anaielewa kazi hii vizuri. Ukimpa hali ya ubao, yaani kete ngapi ziko katika kila shimo, na ukamwambia mtaji unaoanza, anaweza kukuambia ubao utakavyokuwa mchezo ukilala. Hahitaji kujua ubao ulichongwa kwa mti gani. Kanuni na hali ya sasa vinatosha.

Mwaka 1981 Gordon Plotkin, akifundisha katika Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark, alionyesha jinsi ya kuziandika kanuni za namna hiyo kwa lugha za programu kwa kufuata muundo wa sentensi zenyewe. Sentensi kubwa hupata hatua zake kutokana na hatua za sentensi ndogo zilizoiunda. Kwa njia hiyo, lugha yenye amri kumi na mbili inaelezwa kikamilifu kwa kanuni chache zinazoenea katika ukurasa mmoja au miwili.

Kinachotokea kanuni zikikosekana kinaonekana katika historia ya michoro ya hali iliyobuniwa na David Harel na kuchapishwa mwaka 1987. Ilikuwa zana nzuri, na wahandisi waliipenda mara moja kwa sababu mchoro unasomeka kwa macho. Lakini ilienea kabla maana yake haijakubaliwa na wote. Kila kundi likaisoma kivyake: tukio lililozaliwa ndani ya hatua hii lionekane sasa hivi, au hatua ijayo? Mishale miwili ikigongana, upi utangulie? Kufikia 1994 mtafiti mmoja aliyelinganisha namna hizo alikuta takriban 20, zote zikitumia takriban mchoro uleule. Wahandisi wawili wangeweza kusaini mchoro mmoja, wakapeana mikono, na kila mmoja akaenda kujenga mashine tofauti na ya mwenzake.

Kigari cha roboti na mtaalamu wa lambda

Mwaka 1982 jarida moja la kompyuta la Ufaransa liliandaa mashindano ya vigari vya roboti. Wahandisi wawili wa kituo cha École des Mines kilichoko Sophia Antipolis, karibu na Nice, walijitosa. Nao ni Jean-Paul Marmorat na Jean-Paul Rigault. Walipoanza kuandika programu ya kukiongoza kigari waligundua kwamba jambo wanaloweza kulisema kwa sentensi moja ya kawaida, kwa mfano "endelea na kazi hii mpaka ukute ukuta, lakini ukipita muda fulani iache", lilihitaji kurasa za msimbo uliotapakaa. Lugha walizokuwa nazo hazikuwa na amri ya kungoja tukio, wala ya kuikatisha kazi iliyo njiani.

Jirani yao alikuwa Gérard Berry, mwanahisabati aliyezama katika kalkulasi ya lambda, tawi la mantiki lisilo na uhusiano wowote wa dhahiri na magurudumu. Kutokana na mazungumzo yao ikazaliwa lugha ya Esterel. Jambo ninalolistahi katika historia hii ni mfuatano wa kazi. Semantiki haikuja baadaye kuipamba lugha iliyokwisha kutungwa. Makala ya 1984, iliyoandikwa na Berry na Laurent Cosserat, ilitoa lugha na maana yake ya kihisabati kwa pamoja. Amri iliyoshindikana kupewa kanuni safi haikuingizwa.

Hawakuwa peke yao. Huko Grenoble, Paul Caspi na Nicolas Halbwachs walikuwa wakitunga Lustre. Huko Rennes, Albert Benveniste na Paul Le Guernic walikuwa wakitunga Signal. Makundi haya matatu yalianza mbalimbali, yakakutana katika wazo moja la msingi ambalo kwa mara ya kwanza husikika kama kichaa.

Muda wa sifuri

Wazo lenyewe ni hili: programu hujibu tukio bila kutumia muda wowote. Maisha ya programu yamekatwa katika mipigo. Katika kila mpigo ishara kutoka nje zinaingia, programu inajibu, majibu yanatoka, na yote hayo yanahesabiwa kuwa yametokea kwa pamoja, wakati mmoja. Kati ya mpigo na mpigo hakuna kinachotokea. Vipande vinavyokwenda sambamba huzisikia ishara za wenzao papo hapo, ndani ya mpigo uleule.

Mhandisi anajua kwamba hakuna kompyuta inayofanya kazi kwa muda wa sifuri. Lakini Newton naye aliandika sheria yake ya mvutano kana kwamba jua linaivuta dunia papo hapo, ingawa hata mwanga wenyewe huchukua dakika 8 na ushei kutufikia, na bado hesabu zake zilitabiri mwendo wa sayari kwa usahihi wa kustaajabisha. Dhana inayorahisisha inafaa ikiwa tunajua lini itatudanganya. Kwa Esterel sharti liko wazi: hesabu za mpigo mmoja ziishe kabla mpigo unaofuata haujaingia. Sharti hilo hukaguliwa peke yake, baada ya programu kuandikwa, kwa kupima muda mrefu kabisa ambao mpigo mmoja unaweza kuchukua kwenye mashine iliyochaguliwa. Maswali mawili yaliyokuwa yamesokotana, la "programu inasema nini" na la "mashine ina kasi gani", yakawa yametenganishwa.

Faida yake ni kubwa. Ikiwa hakuna muda unaopita ndani ya mpigo, hakuna nafasi ya michanganyiko ile 184,756 kujitokeza. Usambamba unabaki, kamari inaondoka. Ishara zilezile katika mipigo ileile huleta majibu yaleyale, leo na mwakani, kwenye mashine ya maabara na kwenye ile iliyofungwa ndani ya ndege.

Kuikokotoa kwa mkono

Wanaosoma Esterel wote hupitia mfano mmoja mdogo uitwao ABRO. Mahitaji yake ni haya: ukishazipata ishara A na B, kwa mpangilio wowote, toa ishara O, na kila ikija ishara R, anza upya. Nikiziandika amri za lugha hiyo kwa Kiswahili, programu nzima ni hii:

rudia
  [ ngojea A || ngojea B ];
  toa O
kila R

Alama || inasomwa "sambamba na", na nukta-mkato inasomwa "kisha". Mistari minne hii inafuata sentensi ya mahitaji karibu neno kwa neno.

Sasa tuangalie kanuni. Katika kila mpigo, kila amri inatoa mambo matatu: ishara ilizotoa, namba ya hitimisho, na programu iliyobaki kwa ajili ya mpigo ujao. Namba 0 ina maana "nimemaliza". Namba 1 ina maana "nimetua, nitaendelea mpigo ujao". Namba 2 na kuendelea zina maana "ninatoka kwa nguvu", na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo kutoka kunavyofika mbali zaidi nje. Amri "toa O" inatoa O na namba 0. Kanuni ya nukta-mkato inasema: sehemu ya kwanza ikitoa 0, ya pili inaanza ndani ya mpigo huohuo; ya kwanza ikitoa namba nyingine, hiyo ndiyo namba ya sentensi nzima. Kanuni ya usambamba ni fupi kuliko zote: acha pande zote mbili ziende, kisha chukua namba iliyo kubwa.

Namba hizi zilipangwa na Georges Gonthier, aliyekuwa mwanafunzi wa Berry na ambaye baadaye, mwaka 2005, alikamilisha kwa kompyuta uthibitisho rasmi wa thioremu ya rangi nne. Zipime uone zinavyokaa. Upande mmoja umemaliza na mwingine umetua: kubwa kati ya 0 na 1 ni 1, basi kundi zima linasubiri, kama inavyostahili. Mmoja ametua na mwingine anatoka kwa nguvu: kubwa ni 2, basi kutoka kunashinda. Wote wawili wanatoka kwa nguvu, kila mmoja kwa umbali wake: anayekwenda mbali zaidi anashinda. Usambamba, jambo lililowasumbua wahandisi kwa miongo kadhaa, hapa limebaki kuwa swali la namba ipi ni kubwa.

Tuiendeshe ABRO. Katika mpigo wa kuanzia, kila upande wa kungoja unatua: kubwa kati ya 1 na 1 ni 1, programu inasubiri. Mpigo wa pili inaingia A peke yake. Upande wa kushoto unatoa 0, wa kulia 1. Kubwa ni 1, bado tunasubiri, ila programu iliyobaki sasa ina "ngojea B" tu. Mpigo wa tatu inaingia B. Hakuna tena cha kusubiri, namba ni 0, nukta-mkato inaruhusu "toa O" ianze papo hapo, na O inatoka katika mpigo uleule ulioleta B. Na je, B na R zikiingia pamoja? Amri "kila R" hukatisha kilichomo ndani yake kabla hakijapata nafasi ya mpigo huo, kwa hiyo O haitoki. Mtu anaweza kutaka iwe kinyume, na lugha inayo amri nyingine ya kusema hivyo. Muhimu ni kwamba jibu limo ndani ya kanuni, na halikuachwa liamuliwe na kasi ya waya.

Wazo la "programu iliyobaki" lina asili ya zamani. Mwaka 1964 Janusz Brzozowski alionyesha kwamba ukichukua kanuni ya kutambua maneno na kuiuliza "nini kimebaki baada ya herufi hii", kisha ukarudia swali hilo mpaka usipate jibu jipya, umepata mashine kamili ya hali. Matoleo ya mwanzo ya kompaila ya Esterel, yaani programu inayoyageuza maandishi ya lugha hiyo kuwa amri za mashine, yalifanya hivyohivyo. Kwa ABRO, mbali na mpigo wa kuanzia, hali ni 4: hakuna iliyofika, imefika A, imefika B, zimefika zote. Ukiongeza ishara ya tatu ni 8. Ukiwa na ishara 10 ni 1,024, ilhali maandishi ya programu yameongezeka maneno machache tu. Programu za viwandani zilizaa mashine za hali zisizoingia kwenye kumbukumbu ya kompyuta yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Berry alichukua njia nyingine: badala ya kuziorodhesha hali, aligeuza kila amri kuwa kipande cha saketi ya umeme, kiasi kwamba saketi inakua sambamba na maandishi. Njia hiyo ilitatua tatizo la ukubwa, na ikafungua mlango wa jambo la kina zaidi.

Kitendawili ndani ya mpigo

Muda wa sifuri una deni lake. Kama majibu yanasikika ndani ya mpigo uleule, programu inaweza kuisikia sauti yake yenyewe. Angalia mstari huu:

kama S haipo, toa S

Ikiwa S haipo, programu inaitoa, basi ipo. Ikiwa ipo, hakuna anayeitoa, basi haipo. Hakuna jibu linalosimama. Huu nao:

kama S ipo, toa S

Hapa majibu yanayosimama ni mawili: S ipo kwa sababu ipo, au haipo kwa sababu haipo. Hakuna mwandishi anayeandika mistari hiyo kwa makusudi, lakini katika programu ya kurasa mia, kipande kimoja kinaitegemea ishara ya pili na kipande kingine, kilichoandikwa na mtu mwingine katika ofisi nyingine, kinaifanya ishara ya pili itegemee ya kwanza. Duara linajifunga na hakuna aliyeliona.

Dawa ya haraka ni kupiga marufuku kila duara. Lustre ilifanya hivyo: kila mzunguko wa utegemezi lazima upitie angalau kuchelewa kwa mpigo mmoja. Ni kanuni salama, lakini inakataa pia programu njema. Fikiria vituo kadhaa vinavyogombea njia moja ya mawasiliano, vimepangwa kwa mviringo. Katika kila mpigo kituo kimoja kinashika zamu. Kama kinaihitaji njia kinaichukua, na kama hakiihitaji kinampisha jirani wa kulia, naye hivyohivyo. Zamu inahama kila mpigo ili pasiwe na anayependelewa. Ukifuata waya kwa kidole utazunguka duara zima. Ila katika mpigo wowote ule duara limekatwa mahali fulani, yaani pale ilipo zamu. Duara la waya lipo, duara la hoja halipo. Sharad Malik, mwaka 1994, alionyesha jinsi ya kuzichanganua saketi zenye duara zinazofanya kazi bila tatizo.

Kwa hiyo ilihitajika kanuni inayotenganisha duara jema na duara baya. Ya kwanza iliyofikiriwa ilikuwa ya kimantiki: ikubali programu iwapo ina jibu moja tu linalosimama. Inaonekana ya haki, mpaka ukutane na mstari wa tatu:

kama S ipo, toa S. Kama haipo, toa S

Jibu linalosimama ni moja: S ipo. Lakini tumefikaje hapo? Kwa kusema "ama ipo ama haipo, na kote kuwili inatolewa". Tumekisia kwanza, kisha tukalihalalisha kisio letu. Programu ingebidi iijue S kabla ya kuitoa.

Berry aliukataa mstari huo, na kanuni aliyoifikia ndiyo moyo wa semantiki jengi ya Esterel. Kila mpigo unaanza huku ishara za ndani zote zikiwa hazijulikani. Ishara inatangazwa kuwapo pale tu penye amri ambayo lazima itekelezwe na ambayo inaitoa. Inatangazwa kutokuwapo pale tu pasipo na njia yoyote iliyobaki ambayo ingeweza kuitoa. Kila tangazo jipya linafungua mengine. Ishara zote zikishajulikana, programu imekubaliwa. Tukikwama huku kuna zisizojulikana, imekataliwa, na kompaila inaonyesha duara liko wapi. Mstari wa tatu unakwama palepale: ili tuseme S lazima itolewe inabidi tujue kama ipo, na hatuwezi kusema haiwezi kutolewa. Kwa upande wa vituo vya mviringo, mwenye zamu hamtegemei yeyote, kwa hiyo jibu lake linajulikana kwanza, la jirani linafuata, na hivyo hivyo mpaka mwisho.

Wasomaji wa falsafa ya hisabati wataitambua hoja hii. Mwaka 1908 Mholanzi L. E. J. Brouwer alipinga matumizi huria ya kanuni isemayo kwamba kila jambo ama ni kweli ama si kweli. Kwake, mwenye kudai kitu kipo hana budi kutuonyesha njia ya kukijenga. Wenzake wengi waliuona mzozo huo kuwa wa wanafalsafa, usio na athari kwa daraja wala kwa mtambo wowote.

Lakini rudi kwenye saketi. Mstari wa tatu, ukigeuzwa kuwa umeme, ni lango linalounganisha S na kinyume cha S, kisha linairudisha S ileile kwenye mlango wake. Mantiki ya kawaida inasema tokeo ni 1 daima. Umeme hauna mantiki ya kukisia. Una nyaya zinazochelewesha, na kwa ucheleweshaji fulani saketi hiyo inaweza kuyumba kati ya 0 na 1 bila kutulia. Mwaka 2012 Michael Mendler, Thomas Shiple na Gérard Berry walichapisha uthibitisho wa kile kilichokuwa kikidhaniwa kwa muda mrefu. Katika modeli ya ucheleweshaji waliyoichambua, saketi hutulia kwa kila ucheleweshaji unaowezekana wa malango na nyaya zake iwapo, na iwapo tu, thamani zake zinaweza kupatikana kwa mantiki jengi. Katika modeli hiyo, mantiki ya Brouwer inalingana kikamilifu na mwenendo wa umeme ndani ya waya. Kati ya matokeo yote ninayoyajua katika taaluma hii, hakuna linaloonyesha kwa nguvu kama hili kwamba kuitafuta maana kwa uaminifu hulipa hata pale mtafutaji asipotazamia.

Kutoka karatasini hadi angani

Dassault Aviation iliitumia Esterel katika kutengeneza programu za ndege ya kivita ya Rafale. Lustre, kwa upande wake, iliingia viwandani kama zana iitwayo SCADE, ambapo mhandisi huchora visanduku na mistari lakini kila kisanduku kina maana ya kihisabati. SCADE ilitumika katika mifumo ya usalama ya vinu vya nyuklia nchini Ufaransa na katika programu za uongozaji wa Airbus A380. Msomaji aliyewahi kuunganisha safari Dubai huenda ameshapanda ndege hiyo, kwa kuwa shirika la Emirates ndilo lenye A380 nyingi kuliko yote duniani. Matoleo ya baadaye ya SCADE yalichanganya mawazo ya Lustre na yale ya Esterel.

Mipaka ya haya yote isemwe bila kificho. Semantiki haijui kama mahitaji yenyewe yalikuwa sahihi. Aliyesahau kutaja R atapata programu isiyoanza upya, na itakuwa imetimiza kwa uaminifu kile alichokiomba. Dhana ya mpigo mmoja inakaa vizuri ndani ya kompyuta moja au saketi moja. Kompyuta zilizotawanyika mbali, zinazotumiana ujumbe kwa mtandao usiotabirika, zinahitaji nadharia ya ziada. Na muda mrefu kabisa wa mpigo lazima upimwe kwa kila mashine, vinginevyo sifuri inabaki kuwa matamanio.

Kuna pengo lingine ambalo watafiti bado wanaliziba. Kanuni zipo karatasini, lakini inayoendeshwa na mashine ni kazi ya kompaila, na kompaila nayo ni programu iliyoandikwa na watu. Mwaka 2017 kundi la watafiti nchini Ufaransa, Xavier Leroy akiwa mmoja wao, lilitoa kompaila ya Lustre ambayo usahihi wake umethibitishwa hatua kwa hatua kwa msaidizi wa uthibitisho Coq, kutoka semantiki ya lugha hadi amri za mashine. Mwaka 2019 Berry na Lionel Rieg walieleza mwanzo wa kazi kama hiyo kwa Esterel, ambayo ni ngumu zaidi kwa sababu ya yale maduara. Kazi hizo zikikamilika, kanuni ya namba iliyo kubwa na kanuni ya "lazima" na "haiwezekani" zitakuwa zimefungwa kwenye chuma chenyewe kwa mnyororo wa uthibitisho usiokatika.

Mnyororo huo unaweza kudaiwa hata na asiyeandika programu. Mamlaka ya reli inayonunua mfumo wa mataa, wizara inayonunua mashine za kupumulia, mwenye jengo anayefunga lifti, wote hupewa taarifa ya majaribio na kuambiwa kwamba mfumo umepita. Ni haki yao kuuliza zaidi. Lugha iliyoandikiwa mfumo huu ina kanuni za maana, au ina mazoea tu? Matukio mawili yakigongana katika mpigo mmoja, jibu limeandikwa wapi, na nani amethibitisha kwamba mashine inalifuata? Kwa zaidi ya miaka arobaini watu wamefanya kazi ili maswali hayo yawe na majibu. Muuzaji anayekosa majibu hayo arudishwe akayatafute kabla mkataba haujasainiwa.